Kanali Arthur Young na Msumeno wa Sheria

Msomaji kijana, bila shaka umewasikia wazee wakisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Maneno haya ni mepesi kutamka, lakini kuyatimiza ni kazi nzito, hasa kwa mtu aliyekabidhiwa askari na silaha. Katika insha hii nataka kukusimulia habari za Mwingereza mmoja, mkuu wa polisi, aliyejaribu kuushika msumeno huo hapa Kenya katika mwaka 1954, akazuiliwa na wale wale waliomwita aje kuushika. Jina lake ni Arthur Young.

Alizaliwa mwaka 1907 katika mji wa Eastleigh, kusini mwa Uingereza. Aliingia polisi angali kijana katika mji wa bandari wa Portsmouth, akapanda vyeo upesi. Mwaka 1938, alipokuwa na umri wa miaka 31, alifanywa mkuu wa polisi wa mji wa Leamington. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Birmingham, kisha akapelekwa Italia kusimamia usalama wa raia, na huko ndiko alikopata cheo cha Kanali. Mwaka 1950 akawa Kamishna wa Polisi wa City of London. Usidhani kwamba hiyo ndiyo London nzima; ni ile sehemu ya kale yenye mabenki makubwa, yenye eneo la kama maili moja ya mraba, nayo ina kikosi chake cha polisi.

Sifa zake zilipoenea, Serikali ya Uingereza ikamfanya kuwa mtu wa kutumwa penye shida. Mwaka 1951 alikwenda Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, kutoa shauri juu ya polisi wa huko. Mwaka 1952 akapelekwa Malaya, ambako vita vya msituni vilikuwa vikiendelea tangu 1948. Huko aliwafundisha askari wake kwamba polisi ni mtumishi wa raia. Sababu yake ilikuwa wazi: raia amwogopaye polisi hatamletea habari, na polisi asiye na habari ni kama kipofu njiani.

Wakati huo, Kenya ilikuwa inawaka moto. Gavana Sir Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vikapamba. Mwezi wa Januari 1954 wabunge wa Uingereza walikuja kutazama hali ya nchi, wakaeleza katika taarifa yao kwamba ukatili na maovu ya polisi yalikuwa yamezidi, hata yakaharibu imani ya watu. Ndipo Kanali Young alipoletwa kuwa Kamishna wa Polisi wa Kenya.

Hapana haja ya kumpamba. Young hakuwa rafiki wa Mau Mau, wala hakuja kutupigania uhuru. Alikuja kuitumikia Serikali ya Kikoloni. Lakini aliamini kwamba mauaji ni mauaji, awe nani aliyeyatenda. Naye aliona kwamba walinzi wa vijijini, walioitwa homugadi, pamoja na baadhi ya maofisa wa Serikali, walikuwa wakiwapiga watu, wakiwatesa, na hata kuwaua, huku wakitumaini kwamba hakuna atakayewauliza. Kwa hiyo akataka mambo mawili: kwanza, polisi watoke chini ya amri ya Wakuu wa Wilaya na wa Majimbo, wawe chini ya sheria peke yake, pili, wapelelezi wake waachwe huru kuchunguza kila kosa, hata la mtu wa upande wa Serikali.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Katika Wilaya ya Nyeri, wapelelezi walipochunguza mauaji yaliyomhusu chifu mmoja, watawala walijitahidi kumkinga. Gavana naye alikuwa na hoja yake: tukiwashtaki wale wanaotupigania, watavunjika moyo, na vita vitatushinda. Young alijibu kwa vitendo. Mwezi wa Desemba 1954, kabla hajatimiza mwaka mmoja, alijiuzulu. Barua yake ya kwanza ilikuwa kali. Ikabadilishwa kwa nyingine iliyo laini zaidi, na Serikali ikakataa kutangaza maneno yake. Mwezi uliofuata, Januari 1955, Gavana akatangaza kwamba watu wa upande wake hawatashtakiwa kwa makosa yaliyopita. Msumeno ukawa unakata upande mmoja tu.

Katika Bunge la London, Barbara Castle na wenzake wa chama cha Labour waliuliza kwa nini Kamishna huyu ameondoka, wasipate jibu la kutosha. Mwenyewe alirudi kwenye kazi yake City, akanyamaza mbele ya watu. Mwaka 1969 aliitwa tena penye shida, safari hii Ireland ya Kaskazini, akaongoza polisi wa huko kwa mwaka mmoja na kuwapokonya bunduki katika kazi zao za kila siku. Alistaafu mwaka 1971, akafa 1979.

Je, tumhukumu vipi? Wengine watasema kwamba alifanya ushujaa kuacha cheo kikubwa kuliko kuuficha uovu. Wengine watauliza: ukimya wake uliwafaa nini waliobaki kizuizini wakipigwa? Mimi naona yote mawili ni kweli. Alikataa kuwa chombo cha dhuluma, lakini hakupaza sauti. Ilikuwa mpaka Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilipokiri mbele ya Bunge kwamba Wakenya waliteswa, ikaonyesha masikitiko, na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228 pamoja na gharama za kesi yao. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Lile alilolitaka Young mwaka 1954 limeandikwa katika Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 245: hakuna mtu awezaye kumwamuru mkuu wa polisi juu ya uchunguzi wa kosa fulani, wala juu ya kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani. Basi msomaji, soma kifungu hicho kwa makini, ukumbuke kwamba maandishi hayajitetei yenyewe. Siku moja huenda wewe ukawa afisa, hakimu au karani wa kutunza faili, na mkubwa wako akakuomba kuiweka kando faili ya rafiki yake. Siku hiyo utajua msumeno uko mkononi mwa nani.