Ukishindwa Kuitikia, Punguza Mwendo

Kocha wa klabu yetu ya jogging hapa Temeke ana sheria moja kwa wageni: ukishindwa kuitikia wimbo, punguza mwendo. Hana chati wala saa ya kupima mapigo ya moyo. Tunamwita Afande, ingawa alishastaafu, na sheria yake aliitoa JKT. Jeshi hilo la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na vizazi kwa vizazi vya vijana wamepita humo wakikimbia alfajiri huku wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakijibu kwa kishindo cha miguu.

Shuleni nasi tulikuwa na mchakamchaka wetu. Aliyesoma Tanzania hahitaji kusimuliwa: baridi ya saa kumi na mbili, umande kwenye nyasi, viranja nyuma na fimbo zao, na zile nyimbo. Tuliimba kwa furaha jinsi Idi Amin atakavyotupwa aliwe na mamba, na wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979. Hakuna aliyetuambia kwamba tunafanya mazoezi. Tulikuwa tunawahi namba.

Sasa nina miaka arobaini na ushee, nafundisha historia sekondari, na nimejiandikisha kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi. Kilometa 21 na ushee. Klabu inachangisha fedha kwa ajili ya watoto njiti, na mimi ni mmoja wa wanaobeba ahadi za watu mgongoni. Sikuwahi kukimbia umbali wa maana tangu kidato cha nne. Basi kwa kuwa ni mwalimu wa historia, miguu ilipoanza kugoma nikafanya ninachokiweza: nikaenda kusoma.

Historia ya mbio nchini kwetu imeandikwa kwa majina ya mabingwa, na ni sawa kujivuna nao. John Stephen Akhwari wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi, rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Gidamis Shahanga, dhahabu ya marathoni Edmonton 1978. Juma Ikangaa, askari wa JWTZ, bingwa wa New York 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Lakini majina hayo yalitufanya sisi wengine watazamaji. Mbio zikawa kazi ya watu wa Mbulu, Hanang na Singida, au ya askari. Mtu wa Temeke akionekana anakimbia barabarani mchana kweupe, watu walitazama nyuma yake kuona anafukuzwa na nani.

Mimi nilitaka kujua nani alikuwa wa kwanza kumruhusu asiyejua kukimbia akimbie. Jibu nililikuta mbali, Auckland, New Zealand. Kulikuwa na bwana mmoja, Arthur Lydiard, aliyefanya kazi kiwanda cha viatu na kufundisha vijana wa mtaani kwake kukimbia. Mwaka 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, wawili wao, Peter Snell na Murray Halberg, walitwaa dhahabu alasiri moja. Angeweza kuishia hapo. Badala yake, miaka michache iliyofuata, aliwakusanya wanaume wa makamo, wenye vitambi, na miongoni mwao waliokwisha kuugua moyo, akawaambia wakimbie polepole. Enzi zile mgonjwa wa moyo aliambiwa alale, asinyanyue hata ndoo. Hawa wakaanza kwa kukimbia kidogo na kutembea kidogo, na kipimo chao kilikuwa mazungumzo: kama huwezi kuongea na mwenzako, umezidisha.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Ndiyo sheria ya Afande, na ni miaka ile ile JKT ilipokuwa inazaliwa. Watu wa Auckland na wa JKT hawakujuana wala kusikiana.

Mwishoni mwa mwaka 1962 kocha wa Kimarekani, Bill Bowerman wa Chuo Kikuu cha Oregon, alikwenda kumtembelea Lydiard. Akaalikwa kukimbia na wale wazee, akaachwa na mzee wa miaka zaidi ya 70 mwenye historia ya ugonjwa wa moyo. Bowerman alirudi kwao akaanzisha vikundi vya wakimbiaji wa kawaida, na mwaka 1967 yeye na daktari wa moyo, W. E. Harris, wakatoa kitabu kilichouzwa sana. Miaka michache baadaye, Honolulu, daktari mwingine wa moyo, Jack Scaff, akaanzisha kliniki ya wanaoanza, akiwaandaa watu wasio wanariadha, wagonjwa wake wakiwemo, kumaliza marathoni. Kwa hiyo kanuni ninazofuata leo Barabara ya Kilwa hazikutungwa na mabingwa. Zilitoka kwa watu waliokuwa wakiogopa kufa.

Na niseme zinafanya kazi. Mwanzoni nilikuwa nakimbia nguzo moja ya umeme na kutembea nguzo mbili, kuanzia Mtoni kuelekea Mbagala, kichomi kikinishika kabla hata jasho halijatoka. Miundi iliuma kiasi cha kushuka ngazi kinyumenyume. Afande alikataa kunipa dawa yoyote isipokuwa kunipangia siku za kupumzika, na akanikataza kuongeza umbali kila Jumapili: unaongeza, unashusha, unaongeza tena. Raba nilizonunua Karume kwa sababu ya rangi zake nikampa mpwa wangu. Nikajifunza kupaka mafuta ya mgando panapochubuka, na kula viazi vitamu usiku wa kuamkia mwendo mrefu badala ya chipsi mayai. Na nikajifunza kuimba tena. Wakati mwingine najiona nakwenda vizuri, mara Afande anapaza sauti kutoka nyuma, “Mwalimu, sikusikii!” Ndipo najua nimeanza kushindana na vijana.

Mbio na michango zilikutana baadaye kidogo, na kwetu zilitanguliwa na matembezi. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walitembea mamia ya kilometa kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki akiwa safarini. Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilometa 200. Hayakuwa ya kuchangisha fedha, lakini yalitufundisha kwamba umbali unaokwenda kwa miguu yako unaweza kuwa hoja mbele ya watu. Mbio za Mwenge zilikuwapo pia, ila kusema kweli Mwenge siku hizi unasafiri zaidi kwa gari.

Kwingineko, Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani, alianza Aprili 1980 kuikatisha nchi yake kwa mguu wa bandia ili watu wachangie utafiti. Alikwenda siku 143 na kilometa 5,373 kabla saratani haijarudi mapafuni. Alifariki Juni 1981, ana miaka 22. Mei 1986 ikaja zamu ya Afrika: Omar Khalifa, mwanariadha wa Sudan, alitoka kwenye kambi ya wakimbizi nchini mwake na mwenge, akapita miji mikuu ya Ulaya hadi Umoja wa Mataifa New York, na siku ya mwisho mamilioni ya watu duniani wakakimbia kilometa 10 kwa ajili ya wenye njaa barani kwetu. Wengi wao hawakuwahi kukimbia hata kilometa moja.

Hapo waandaaji wa mbio za michango wakaona tatizo. Ukimwomba karani au muuza duka akimbie kwa ajili ya wagonjwa, lazima kwanza umfundishe. Mwaka 1988 Bruce Cleland wa jimbo la New York, ambaye binti yake alikuwa ametibiwa saratani ya damu, alikusanya watu 38, wakafanya mazoezi pamoja na kukimbia marathoni ya New York. Walileta dola 322,000. Kuanzia hapo programu ya mazoezi na kadi ya michango vikawa kitu kimoja: unachangisha, nasi tunakuandaa.

Afrika Mashariki moyo ulirudi tena kati. Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzisha mbio zake mwaka 1994 kugharimia upasuaji wa moyo wa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Huku kwetu, benki kubwa zilipoingia kwenye mbio miaka ya karibuni, moja ya malengo ya kwanza lilikuwa watoto wanaotibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Marathoni ya Kilimanjaro ilikuwa imeanza mwaka 2003, na nadhani ndiyo iliyowazoesha Watanzania kuona wanariadha wa kweli na watu wa ofisini wakianza barabara moja asubuhi moja. Klabu za jogging za Dar zilifanya kazi iliyobaki, mtaa kwa mtaa, kwa fulana za rangi moja, mabonanza, supu baada ya mbio, na desturi ya kupita hospitali kuchangia damu. Haya sijayakuta kwenye kitabu chochote. Nayaona Jumapili.

Mkimbiaji ninayempenda kuliko wote katika habari hii ni Margaret Kenyatta. Januari 2014, akiwa mke wa Rais wa Kenya, alizindua kampeni ya Beyond Zero ya kupunguza vifo vya wajawazito na watoto, akaahidi kukimbia yeye mwenyewe. Machi alimaliza nusu marathoni Nairobi. Aprili 13, siku chache baada ya kutimiza miaka 50, alimaliza marathoni ya London kwa saa 7 na dakika 4. Siku hiyo hiyo Wilson Kipsang, Mkenya mwenzake, alishinda kwa saa 2 na dakika 4. Fedha zilizochangwa zilinunua kliniki zinazotembea, zikapelekwa katika kaunti za Kenya. Mama mjamzito aliyehudumiwa na gari lile hakuuliza mwendo wa aliyelichangisha.

Nimeitumia hoja hiyo wiki hii. Michango yetu tunaifanya kama ya harusi: kundi la WhatsApp, mhazini mkali, orodha ya ahadi inayotumwa kila jioni ili asiyelipa aone jina lake halina tiki. Jirani yangu, fundi cherehani, ameahidi kiasi kizuri kwa kila kilometa, ila ameweka sharti: kilometa nitakayotembea hailipwi. Yeye hajui kwamba njia ya nusu marathoni Moshi inapanda kwenda Mweka, kupita migomba na kahawa, kilometa nyingi za kilima kabla ya kugeuka na kushuka. Mimi nimepanga kutembea sehemu za mlima ule, na Afande ameridhia. Nimemweleza fundi habari za Auckland, Honolulu na London. Amesikiliza yote akiwa ameweka pini mdomoni, halafu akasema, “Mwalimu, hiyo historia ni nzuri, lakini mkataba ni kukimbia.” Suala limepelekwa kwa mhazini.