Mbegha na Mzee wa Wudang: Kuyasoma Maandiko ya Kale ya Taichi Tukiwa Handeni na Korogwe

Mwaka 1852 mmishonari Johann Ludwig Krapf alipanda kwa mara ya pili milima ya Usambara kwenda Vugha, kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye alikwisha kumtembelea mwaka 1848. Mwaka huohuo wa 1852, huko China, msomi mmoja jina lake Wu Chengqing alifaulu mtihani wa juu kabisa wa dola ya kifalme, kisha akapewa wilaya ya Wuyang, mkoani Henan, awe mtawala wake. Inasimuliwa kwamba hapo Wuyang, ndani ya duka la chumvi, yalipatikana maandiko ya mtu aitwaye Wang Zongyue juu ya mchezo wa mapigano ambao leo dunia nzima inauita taichi. Wu Chengqing akampa mdogo wake, Wu Yuxiang, ambaye alikuwa akiutafuta mchezo huo kwa kila njia.

Maandiko yenyewe ni mafupi. Ukiyakusanya yote yanayohesabiwa kuwa ya kale, yaani risala ya Wang Zongyue, wimbo wa mikao kumi na mitatu, wimbo wa kusukumana mikono na maelezo machache yaliyoongezwa na kina Wu wenyewe, hayajazi hata daftari moja la shule. Hata hivyo watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja: nani aliyaandika, lini, na je, duka la chumvi lilikuwapo kweli? Wapo wanazuoni wanaoshuku kwamba Wu Yuxiang aliyatunga mwenyewe, akayasingizia kupatikana dukani ili yapate heshima ya mambo ya kale.

Naileta habari hii kwa wasomaji wa Handeni na Korogwe kwa sababu mabishano hayo tunayo na sisi, juu ya kitabu chetu. Kinaitwa Habari za Wakilindi, yaani ukoo uliotawala Vugha. Mtunzi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alizaliwa Unguja, akaja kukaa kwa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, ambaye mji wake ulikuwa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara. Leo Mazinde ipo wilaya ya Korogwe, na abiria wa mabasi ya kwenda Same na Moshi huipita akiwa amesinzia. Hapo, miongoni mwa wazee na watu wa nyumba ya mtawala, ndipo mengi ya simulizi ile yalipomfikia mtunzi. Kitabu kilipigwa chapa kwa sehemu na misheni ya Magila, kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kisha J. W. T. Allen akakihariri upya kikatolewa Nairobi mwaka 1962.

Tuanze na wazee wa mwanzo. Simulizi ya taichi inayopendwa zaidi inasema mwanzilishi ni Zhang Sanfeng, mtawa wa dini ya Tao aliyeishi mlima Wudang. Siku moja aliona ndege na nyoka wakipigana. Ndege akidonoa, nyoka alijipinda akakwepa. Na kila alipokwepa upande mmoja, upande wa pili ulikuwa tayari kushambulia. Mzee akaelewa kwamba ulaini unaweza kuushinda ugumu, akaunda mchezo wake. Simulizi ya Wakilindi nayo inamtaja Mbegha, mzaliwa wa Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza akahesabiwa kuwa kigego, akanyimwa urithi na ndugu zake. Akawa mwindaji wa nguruwe mwenye mbwa wengi. Alikimbilia Kilindi, na huko mtoto wa mtawala akafa wakiwa porini pamoja. Mbegha akakimbia tena, akavuka mto Luvu, akapita Zirai na Bumbuli, akafika Vugha. Usiku mmoja akaua simba aliyekuja kushambulia mifugo, na watu wakamfanya mfalme wao.

Kwa ramani ya leo, safari hiyo inaanzia upande wa Handeni, maana milima ya Nguu ilikuwa ndani ya wilaya hiyo hadi wilaya ya Kilindi ilipokatwa mwaka 2002. Mto Luvu, ambao kwenye ramani unaitwa Pangani, ndio unaopita Korogwe. Kwa hiyo habari ya Mbegha ni habari ya nchi hizi mbili: imezaliwa ng'ambo ya mto, imetawala ng'ambo nyingine, na imemfikia mtunzi wake Mazinde.

Sasa tuone Wachina walivyomchunguza mzee wao. Zhang Sanfeng anatajwa kuhusiana na mapigano ya ulaini katika maandishi ya mwaka 1669, ya mwanazuoni Huang Zongxi, kwenye kumbukumbu ya kaburi la bingwa mmoja. Watu wa taichi waliichukua sifa hiyo wakaivika mchezo wao. Lakini mwaka 1881 Li Yiyu, mpwa wa Wu Yuxiang, alinakili maandiko yote kwa mkono, nakala tatu, na kwenye dibaji yake akasema wazi kwamba mwanzilishi wa taichi hajulikani. Namheshimu sana Li Yiyu kwa hilo. Alikuwa na kila sababu ya kumtaja mtawa wa Wudang ili ukoo wake wa walimu ung'are. Akachagua kuandika alichokijua.

Miaka hamsini baadaye mwanahistoria Tang Hao alikwenda mwenyewe hadi kijiji cha Chenjiagou, Henan, ambako Yang Luchan, mwalimu aliyeueneza mchezo huo Beijing, alijifunza. Akafungua kitabu cha ukoo wa Chen, akakuta pembeni mwa jina la Chen Wangting, askari wa karne ya 17, maelezo kwamba ndiye chanzo cha mapigano ya ukoo huo. Akalinganisha pia mikao ya Chenjiagou na kitabu cha jemadari Qi Jiguang wa karne ya 16, chenye mikao 32, akaona 29 kati yake imo katika mchezo wa kina Chen. Kwa Tang Hao basi, taichi haikushuka kutoka mlimani kwa mtawa mmoja. Ilikua kijijini, mikononi mwa askari na wakulima waliochota kwenye maarifa ya kijeshi ya zama zao. Walimu wengi walikasirika. Hadi leo wako wanaomshikilia Zhang Sanfeng kwa moyo wote.

Steven Feierman, Mmarekani aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1960, aliifanya kazi inayofanana na hiyo. Katika kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa, kilichotoka mwaka 1974, aliilinganisha simulizi ya Mbegha kama ilivyosimuliwa na watu mbalimbali, akauliza kila kisa kinafanya kazi gani. Kuna jambo moja nalirudia kila nikikifungua. Mbegha anawapa watu nyama, nao wanampa chakula cha shambani. Mtu wa porini, mla nyama, anaingizwa taratibu katika mji wa wakulima kwa kubadilishana chakula, hadi anapewa mke na ufalme. Kwa Feierman, kisa hicho ni fikra nzima ya Washambaa juu ya mtawala: ana nguvu za kuua kama simba, na watu wamezifunga nguvu hizo kwa ndoa na mlo ili ziwalinde badala ya kuwala. Ukisoma hivyo, swali la kama simba aliuawa kweli usiku ule linapoa, na maswali mengine yanapata moto.

Yapo maandiko ya taichi ambayo hayahusu ukoo hata kidogo. Hayo yanafundisha, na ndiyo yanayonivuta zaidi. Risala ya Wang Zongyue inaanza mbali, kwenye asili ya ulimwengu: kutoka kwenye utupu unatokea ule mhimili mkuu unaozaa yin na yang, na mambo hayo mawili hutengana mwendo unapoanza na kuungana utulivu unaporudi. Kisha, bila kupumzika, inashuka hadi kwenye mwili. Kichwa kikae kama kinachoning'inizwa kutoka juu. Uzito usigawanywe sawa miguuni, maana aliyeukalia mguu huu na huu kwa nguvu sawa amekwama. Maandiko mengine yanaongeza kwamba nguvu huota miguuni, huamriwa na kiuno na kujitokeza vidoleni.

Mtu akiyasoma kitini atadhani ni falsafa tu. Asimame na mwenzake. Wawili wanaelekeana, mguu mmoja mbele, vifundo vya mikono vikigusana. Mmoja anasukuma kifua cha mwenzake. Anayesukumwa hakazi, wala harudi nyuma. Anaacha mkono uendelee kugusana na ule unaokuja, anageuza kiuno kidogo, uzito unahamia mguu wa nyuma, na ule msukumo unapita kando ya bega lake kama mlango uliofunguliwa ghafla. Aliyesukuma hana tena kitu cha kuegemea, kisigino chake kinanyanyuka. Hapo mguso mdogo tu wa kiganja unatosha kumwangusha. Ndipo ile sentensi juu ya uzito miguuni, iliyoonekana fumbo, inakuwa maelekezo ya kazi.

Nyimbo za taichi zilitungwa kwa ajili ya kukariri. Mistari yake mingi ina herufi saba, na kwa kuwa kila herufi ya Kichina ni silabi moja, mstari una mizani saba. Msomaji aliyelelewa na tenzi zenye mizani nane hahitaji kuelezwa kwa nini: mwanafunzi aliyechoka, jasho likimtoka, hakumbuki aya ndefu, anakumbuka mstari wenye mapigo. Maandiko ya zamani ya Kichina pia hayakuwa na alama za vituo. Mahali sentensi inapokatwa palitegemea mwalimu, na mkato tofauti ulileta mafunzo tofauti. Wazee wetu waliosoma Kiswahili cha hati ya Kiarabu wanaijua taabu hiyo, maana hati ile ilimwachia msomaji aamue kwa kufuata maana, na bila mtu wa kukuongoza ulipotea.

Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 maandiko haya yalitoka kwenye madaftari ya koo yakaingia vitabuni. Sun Lutang, aliyejifunza kwa Hao Weizhen, mwanafunzi wa Li Yiyu, alitoa kitabu chake mwaka 1921. Chen Xin wa Chenjiagou alifariki mwaka 1929 kabla kazi yake kubwa ya maisha haijachapwa; ilitoka mwaka 1933. Mwaka 1956 serikali ya China ikatoa mtindo mfupi wa mikao 24 ili umma mzima ujifunze, na mwaka 2020 UNESCO ikaiingiza taichi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Je, Wachina na elimu yao wamewahi kuigusa nchi yetu? Wamegusa, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wenye mashamba wa Kijerumani walileta vibarua Wachina na Wajava kwenye mashamba ya Usambara. Baada ya uhuru walikuja madaktari: kikosi cha kwanza Zanzibar mwaka 1964, Tanzania Bara mwaka 1968, na pamoja nao tiba ya sindano, ambayo inasimama juu ya fikra zilezile za yin na yang zilizomo katika risala ya Wang Zongyue. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina, zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Hilo la mwisho lina uzito wake kwa mada hii. Mtanzania anayejua Kichina anaweza siku moja kuyasoma maandiko haya bila kupitia Kiingereza, akayafasiri kwa Kiswahili chenye mizani, na naamini Kiswahili kitayapokea vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya zilivyoyapokea.

Lakini deni kubwa zaidi liko nyumbani. Tang Hao alikuwa na nakala kadhaa za kulinganisha, kitabu cha ukoo, na kijiji cha kukitembelea. Sisi pia tunavyo. Tuna chapa za Magila na toleo la 1962. Tuna Habari za Wazigua cha Anthony Mochiwa, kilichotoka mwaka 1954, ambacho kinaitazama nchi kutoka Handeni na si kutoka Vugha. Tuna wazee wanaosimulia bado. Na kama vile maandiko ya taichi yanavyopimwa kwa mwili, Habari za Wakilindi inapimwa kwa miguu: Nguu ipo, Luvu upo, Zirai ipo, Bumbuli ipo, na mtu akitembea anaweza kuuliza kila kituo wanasema nini juu ya mwindaji yule mwenye mbwa.

Tulichokosa ni toleo lenye ufafanuzi, mstari kwa mstari, kama yale ambayo Wachina wameyatengenezea kurasa zao chache. Toleo ambalo mwanafunzi wa sekondari wa Korogwe akilifungua ataona chini ya ukurasa chapa zinapotofautiana, jina la mahali lipo wapi leo, Feierman alisema nini, na mzee wa Kizigua anapinga nini. Kazi hiyo ianzie Nguu. Abdallah bin Hemedi aliipata simulizi akiwa nyumbani kwa Semboja, upande wa waliotawala, kwa hiyo ndugu waliomnyima Mbegha urithi tunawajua kwa kinywa cha wajukuu wa Mbegha peke yake. Upande wao wa kisa, ikiwa bado unasimuliwa, uko Nguu.