Kumhatarisha mtoto: kosa lisilongoja jeraha

Mzazi amelewa, amempakia mwanawe wa miaka 9 garini, na polisi wamemsimamisha kabla hajagonga chochote. Mtoto hana hata mkwaruzo. Katika jimbo la New York, sheria iliyopitishwa mwaka 2009 inamtia mzazi huyo katika jinai nzito ambayo kifungo chake chaweza kufika miaka 4, hata kama hajawahi kushtakiwa maishani.

Makosa ya namna hii Wamarekani huyaita kwa jumla "child endangerment". Mkalimani mwenye haraka atasema "unyanyasaji wa mtoto", na hapo ndipo maana inapopotea. Mnyanyasaji ametenda jambo kwa mtoto. Aliyetelekeza ameuacha wajibu wake. Kosa hili linakamilika pale hatari inapokuwepo, mtoto aumie asiumie. Mzazi aliyeambiwa kwamba ameshtakiwa kwa unyanyasaji atajibu kwa moyo safi kuwa hajawahi kumpiga mwanawe, na jibu lake litakuwa nje kabisa ya shauri.

"Kuhatarisha maisha" nako kunabana mno. Kifungu cha 273a cha sheria ya jinai ya California kinagusa pia afya ya mtoto, na sheria ya New York inataja hata akili na maadili yake. Tena California humwadhibu anayesababisha hatari na vilevile anayeiruhusu, kwa mfano mama anayemwacha mtoto mikononi mwa mtu anayemjua kuwa mkatili. Ndiyo maana napendelea "kumhatarisha mtoto": kitendo kimo, na kuachia kumo.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amkinge mtoto na hatari za kimwili na kimaadili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Tukirudi Marekani, huko California kosa dogo lina kifungo cha hadi miezi 6. Hatari ikiwa ya kuelekea kuua au kujeruhi vibaya, jaji anaweza kutoa miaka 2, 4 au 6. Kando ya jinai kuna shauri la pili, la ulinzi wa mtoto, ambalo huhitaji ushahidi mwepesi zaidi. Mtu anaweza kushinda jinai na bado asirudishiwe mtoto wake.

Kwa wazazi wetu walio huko bila uraia, linalonitia hofu zaidi ni uhamiaji. Tangu mwaka 1996, kutiwa hatiani kwa kumdhulumu, kutomtunza au kumtelekeza mtoto ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba kumhatarisha mtoto kunaweza kuingia humo hata pasipo jeraha, ingawa walau mahakama moja ya rufaa imeipinga tafsiri hiyo. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri kosa.

Basi mzazi usikiri kosa hili, hata ukiahidiwa adhabu ndogo, kabla hujamuuliza wakili litakufanyia nini kwenye uhamiaji. Nawe mkalimani, mtamkie jina la kosa hilo sawasawa.