Kipimo, si Jaribio

Hapa Mbozi Mission neno kupima halina haja ya kamusi. Hospitalini mgonjwa anaambiwa akachukue vipimo, kisha anakaa kwenye benchi kungoja majibu. Msimu wa kahawa mkulima anapeleka gunia lake kwenye chama cha ushirika, AMCOS, likapimwe, na macho yake hayabanduki kwenye mizani. Jaribu nalo lina mahali pake: kanisani majaribu ni mambo ya Shetani, na shambani mtu hujaribu mbegu asiyoijua. Kwa nini basi, tukifika kwenye kompyuta, tunaliacha neno la kwanza na kukimbilia la pili, tukasema “majaribio otomatiki”?

Tuanze na kitu chenyewe. Programu kubwa za siku hizi hazijengwi na mkono mmoja. Kuna kiini, kinachotunzwa na timu moja, na juu yake wengine huchomeka programu-jalizi za kuongeza kazi, au mandhari ya kubadili sura: rangi, mpangilio, ukubwa wa herufi. Mfano wa karibu ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambao Tanzania ilikuwa imeueneza nchi nzima kufikia mwaka 2013. Takwimu za vitabu vya MTUHA, vinavyojazwa kwenye vituo vya afya, huishia humo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameuandikia programu-jalizi zao. Sasa kiini kinapotoka Oslo katika toleo jipya, na jalizi iliandikwa kwa toleo la zamani, nani atajua kama bado vinaelewana?

Mtu angeweza kukaa na kubofya kimoja baada ya kingine, lakini hesabu inamshinda. Programu-jalizi 10 tu, kila moja ikiwa imewashwa au imezimwa, zinazaa michanganyiko 1,024. Ongeza mandhari 3, unapata 3,072. Kwa hiyo mwandishi wa programu huandika programu nyingine ndogo, ambayo kila msimbo unapoguswa huipa ile kubwa kazi yenye jibu linalojulikana, kisha hulinganisha. Ingiza wagonjwa 12 wa jana na 8 wa leo. Ripoti isome 20. Ikisoma 19, toleo halitoki.

Hilo si kujaribu. Anayejaribu hajui kitakachotokea. Anayepima ana jibu mkononi tayari. Wakala wa Vipimo wakija kukagua mizani, wanabeba mawe ya uzito unaojulikana: jiwe la kilo 20 likiwekwa, mizani isome kilo 20. Sijasikia mtu akisema wamekuja “kujaribu” mizani.

Maabara inatufundisha zaidi. Kipimo cha haraka cha malaria kina mstari wa C, ambao usipojitokeza kipimo hakifai, hata kama mstari mwingine umeonekana. Waandishi makini wa programu hufanya vivyo hivyo: wanaiharibu programu kwa makusudi waone kama kipimo kitashtuka. Kisiposhtuka, kinatupwa, maana kipimo kisichoweza kufeli ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Kinawatuliza watu bure.

Atakuja mtu aseme kipimo tayari kina maana ya kadiri, kama kipimo cha nguo au cha unga. Ni kweli. Lakini kwenye benchi la hospitali hakuna anayechanganyikiwa, na tukilikubali neno hili tunapata ukoo mzima: upimaji wa kujiendesha, fungu la vipimo, majibu. Otomatiki halinikeri, ila kujiendesha humweleza hata asiyewahi kusikia habari hizi.

Kuna vipimo ambavyo sisi tunavihitaji kuliko wengine. Kitufe kilichochorwa kwa neno fupi la Kiingereza, ukikiandika “Badilisha nenosiri”, maneno yanamwagika nje. Kipimo cha mandhari hupiga picha ya skrini kabla na baada ya badiliko, kikazilinganisha nukta kwa nukta. Wingi nao: jalizi ya mgeni huongeza herufi mwishoni mwa neno, ilhali Kiswahili hubadili mwanzo, na kitenzi kinafuata. Mgonjwa 1 amesajiliwa; wagonjwa 2 wamesajiliwa. Tena kuna saa. Miadi ya 09:00 ni saa 3 asubuhi, na mfumo ukiandika “saa 9”, mama aliyetoka kijijini atafika alasiri akute kliniki imefungwa.

Oslo hawawezi kutuandikia vipimo hivyo. Ndugu mwandishi wa programu uliyeko Vwawa, Mlowo au Tunduma, kabla hujaitoa jalizi yako, andika kipimo cha wingi na kipimo cha saa. Na uviite vipimo.