Matunda yasigeuzwe chakula kikuu cha sungura

WENGI wa wanaofuga sungura mjini Nakuru na viungani mwake huwapa mabaki ya matunda wakiamini kuwa wanawafanyia hisani. Maganda ya ndizi, vipande vya tikiti maji, hata parachichi lililoiva kupita kiasi, vyote huishia kizimbani. Sungura huvila kwa pupa, na pupa hiyo ndiyo humpotosha mfugaji.

Sungura ni mnyama wa nyasi. Chakula chake huchachushwa na bakteria ndani ya mfuko mkubwa ulioko mwanzoni mwa utumbo mpana, kisha hutoa kinyesi laini ambacho hukila tena, aghalabu usiku au alfajiri. Mfugaji mgeni asishtuke akiona hivyo. Huo si ugonjwa. Sukari nyingi inapoufikia mfuko huo, bakteria waharibifu huzaana kwa kasi, gesi hujaa na matumbo huweza kusimama kabisa. Isitoshe, sungura hana uwezo wa kutapika.

Kwa hivyo nyasi kavu zisikosekane kizimbani, mchana na usiku, pamoja na maji safi. Katika Bonde la Ufa ya kati hili si jambo gumu. Nyasi za boma rhodes, ambazo hukuzwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, huuzwa kwa marobota, na robota moja humtosha sungura mmoja kwa wiki nyingi. Nyasi hizo pia husaga meno yake, ambayo hayakomi kukua maishani. Tunda laini haliwezi kazi hiyo.

Baada ya nyasi ndipo tunda huja, tena kwa kipimo: kijiko kimoja cha chai cha vipande vidogo kwa kila kilo ya uzani wa mnyama, mara mbili au tatu kwa wiki. Sungura wa New Zealand White mwenye kilo nne asipite vijiko vinne. Walio chini ya umri wa miezi mitatu wasipewe kabisa, kwani matumbo yao hayajakomaa. Tunda geni lianze kwa kipande kimoja, kisha kinyesi kiangaliwe kesho yake kabla ya kuongeza.

Tufaha, pea na plamu kutoka nyanda za juu za Molo zinafaa, mradi mbegu na kokwa ziondolewe, maana zikitafunwa hutoa sumu ya sianidi. Stroberi pia ni salama, sawa na papai na embe lililomenywa. Matunda yote yaoshwe vyema kwa sababu ya dawa za kunyunyizia, na yaliyoota ukungu yatupwe. Ndizi ina sukari nyingi mno. Kipande chembamba kinatosha. Ama karoti, ambayo vitabu vya watoto huichora mkononi mwa kila sungura, nayo ni tamu na yafaa kuhesabiwa katika kijiko kile kile.

Parachichi, au avokado kama wengi waitavyo, ni suala jingine kabisa. Miti yake imeenea katika mashamba ya Bahati na Subukia, na msimu wake ukifika maganda hutapakaa kila ua. Mti huo una sumu iitwayo pasini, iliyo katika majani, gome, ganda, kokwa na hata katika nyama ya tunda. Kwa sungura anayenyonyesha, sumu hiyo huweza kuvimbisha matiti na kukausha maziwa; kwa wengine hudhuru misuli ya moyo. Hakuna kipimo kilicho salama, na kizimba kisiwekwe chini ya mti huo. Majani ya viazi na ya nyanya pia ni ya kuepukwa.

Dalili za hatari huwa kimya. Sungura hujikunyata pembeni, husaga meno, hukataa hata nyasi, na kinyesi hupungua au hukoma. Akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Kungoja siku ya soko ni kumpoteza. Baadhi ya wafugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo na kununua viuavijasumu vya ng'ombe au kuku. Hilo ni kosa kubwa. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, sungura akinyweshwa huua bakteria wema wa tumboni na huweza kumuua mwenyewe.

Tangu 2013, huduma za mifugo nyanjani zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Anayempeleka sungura kwa daktari wa mifugo abebe kinyesi cha mwisho kilichopatikana, na aeleze bila kuficha alichokula mnyama huyo katika siku mbili zilizopita, pamoja na kiasi chake.