Rundiko la miji

Rundiko la miji ni eneo ambalo miji jirani, kila mmoja na meya wake na mipaka yake, huhesabiwa kuwa mmoja kwa sababu maisha ya wakazi wake yamefungamana. Nchini Marekani kipimo kikuu ni safari ya kazini. Kaunti ya pembeni huunganishwa na zile za kati ikiwa angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo huajiriwa katikati, au asilimia 25 ya ajira zake zimeshikwa na wakazi wa katikati.

Dallas na Fort Worth, majiji ya Texas yaliyo umbali wa kilomita 50 hivi, yalishindana miaka mingi, kila moja likitaka uwanja wake wa ndege, hadi serikali ya taifa ilipokataa kugharimia viwili. Uwanja wa pamoja ulifunguliwa mwaka 1974, katikati yao. Leo huko Arlington, mji ulio kati ya majiji hayo, mume anaweza kushika barabara ya mashariki kwenda Dallas alfajiri na mke ya magharibi kwenda Fort Worth, kisha jioni wakala meza moja.

Majengo kugusana hakutoshi: San Francisco na San Jose, ingawa nyumba zimejaa kutoka moja hadi jingine, ni marundiko mawili.