Mshenga na Kompyuta Tupu: Ramsa na Ndoa katika Carry On Loving (1970)

Carry On Loving ni filamu ya ishirini katika mfululizo ulioanza mwaka 1958 kwa Carry On Sergeant. Iliongozwa na Gerald Thomas, ikatayarishwa na Peter Rogers, na mswada wake ukaandikwa na Talbot Rothwell. Wapo wahakiki walioupuuza mfululizo huu wakidai kwamba hauna zaidi ya mzaha wa chumbani. Dai hilo lina mashiko, ila linasahau tarehe.

Mwaka 1969 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya talaka kwa ajili ya England na Wales, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1971. Awali, aliyetaka talaka kwa kawaida alipaswa kuthibitisha kosa la mwenziwe: uzinzi, ukatili au kutelekezwa. Sheria mpya ilifanya kuvunjika kabisa kwa ndoa kuwa msingi pekee wa talaka. Filamu ilitolewa katika kipindi hicho cha kungoja. Isitoshe, kompyuta zilikuwa zimekwisha kuanza kuwatafutia watu wachumba. Jijini London kampuni ya Dateline ilianzishwa mwaka 1966.

Ramsa hii inayakutanisha mambo hayo mawili ndani ya ofisi moja. Sidney Bliss (Sid James) na Sophie (Hattie Jacques) wanaendesha wakala wa kuunganisha wachumba. Mteja huonyeshwa mtambo wa kuvutia unaodaiwa kumchagulia mwenzi kwa njia ya kisayansi. Kumbe ni kiini macho, na kadi hutolewa na Sophie aliyejificha nyuma yake. Wawili hao, wanaojitangaza kuwa mume na mke, hawajafunga ndoa. Naye Percival Snooper (Kenneth Williams), mshauri wa wanandoa, hajapata kuoa.

Kinaya hiki si cha kubahatisha. Katika Kiswahili, mshenga ni mtu aliyetumwa: nyuma yake upo ukoo, nao utaulizwa posa ikiharibika. Kuwadi hana wa kumwulizia. Sidney anavaa joho la mshenga na kufanya kazi iliyo karibu na ya kuwadi, na mtambo ndio unaomwezesha kufanya hivyo, kwa maana mteja anayedhani amechaguliwa na mashine hamtafuti mtu wa kumlaumu. Hapo ndipo ufutuhi wa filamu unapogusa jambo zito, na yamkini bila watungaji wenyewe kukusudia.

Udhaifu upo katika usawiri wa wanawake. Jenny Grubb (Imogen Hassall), binti wa nyumba yenye ukimya wa matanga, anabadilika kwa kubadilishiwa mavazi tu. Nafsi yake haiulizwi lolote. Rothwell, aliyeucheka mtambo kwa kuwapima watu kwa kadi, hapa anampima mwanamke kwa urefu wa sketi.

Hatima ya filamu inafuata kanuni kongwe ya futuhi, yaani harusi. Sidney na Sophie wanaoana, na wateja wao wanaalikwa. Wawili wawili walioletwa pamoja na wakala wanaanza kugombana mbele ya keki, na karamu inaishia katika kurushiana vyakula. Sheria mpya ilikuwa bado haijaanza kutumika.